Mteja hamilikiwi, amana ndiyo yenye mwenyewe

SIFA zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, Mwenye kugawa riziki kwa hesabu aijuayo Yeye. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Mtume Muhammad (S.A.W.), aliyechunga kondoo na kufanya biashara kabla ya kupewa utume, na ambaye watu wa Makka walimwita Al-Amin, yaani Mwaminifu. Ziwafikie pia ahali zake, masahaba zake na kila mwenye kufuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ndugu zangu katika imani, Ijumaa ya leo tuzungumzie ugomvi mmoja ambao huingia misikitini kimya kimya. Watu wawili waliokula sahani moja kwa miaka mingi husimama safu mbalimbali, na imamu akishatoa salamu kila mmoja hutokea mlango wake. Ukiuliza sababu utaambiwa kwamba fulani alikuwa akimfanyia kazi fulani, akatoka, akafungua duka lake, na wateja wakamfuata. Tajiri anasema ameibiwa. Mfanyakazi anasema riziki hugawa Mwenyezi Mungu. Kila mmoja ana aya mdomoni, na kila mmoja anaamini kuwa haki iko upande wake.

Ugomvi huu ni wa kale, lakini siku hizi umeongezewa karatasi. Wapo waajiri wanaoweka katika mkataba wa ajira kifungu kinachomkataza mfanyakazi, baada ya kuacha kazi, kufanya kazi ya aina ile ile kwa mwaka mmoja au miwili, au kumhudumia mtu yeyote aliyepata kuwa mteja wa mwajiri wake. Kifungu ambacho mtu angekitarajia katika mkataba wa meneja wa benki chaweza kukutwa katika mkataba wa msusi wa saluni, mwalimu wa tuisheni, fundi wa simu au karani wa wakala wa forodha. Kijana hukitia saini siku ya kwanza, kwa furaha ya kupata kazi, na hukikumbuka siku ya mwisho.

Je, Uislamu unasemaje juu ya jambo hili? Rai yetu, ambayo tutajitahidi kuitolea hoja, ni kwamba pande zote mbili mara nyingi hugombania kitu ambacho si cha yeyote kati yao, nacho ni mteja, na huku zimesahau kitu ambacho hakika kina mwenyewe, nacho ni amana.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Liko duka la mshonaji Kariakoo. Tajiri ana cherehani sita, na kijana mmoja amemfanyia kazi miaka saba. Aliingia akiwa hajui kutunga uzi kwenye sindano, na sasa anakata kanzu na suti bila ya kusitasita. Juu ya mlango pameandikwa jina la duka. Mezani pana daftari la vipimo, na ndani yake mna urefu wa mkono wa mzee fulani, upana wa kifua wa bwana harusi fulani, namba ya simu ya kila mmoja wao, na salio analodaiwa. Kijana anataka kutoka, na zimebaki wiki sita Sikukuu ya Idi iingie.

Katika duka hili mna mambo manne ambayo watu huyachanganya: ufundi ulio mikononi mwa kijana, daftari lililo mezani, jina lililo mlangoni, na mteja anayepita barabarani. Kila moja lina hukumu yake, na ugomvi mwingi huanza pale hukumu ya hili inapopewa lile.

Ufundi ni wa nani?

Tajiri atasema, "Mimi ndiye niliyemfundisha." Ni kweli, na ana fadhila kubwa juu ya kijana yule. Asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu, kama alivyotufundisha Mtume (S.A.W.). Lakini fadhila ni kitu kimoja na umiliki ni kitu kingine. Kwa miaka saba kijana alilipia mafunzo yake kwa jasho, na kanzu alizozishona ziliuzwa na faida ikaingia mfukoni mwa tajiri. Elimu ikishaingia katika mkono wa mwanadamu haitolewi tena. Kumwambia fundi asishone ni kumwambia asile.

Katika Qur'ani tumepewa kisa cha mkataba wa ajira, nacho kimo katika Suratul Qasas, aya ya 26 hadi ya 29. Nabii Musa (A.S.) aliwasili Madyan akiwa mkimbizi, hana nyumba, hana jamaa, hana hata chakula. Akawasaidia mabinti wawili kunywesha mifugo yao, na mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri, kwa kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Mzee yule alikuwa na uwezo wa kumwekea sharti lolote alitakalo, kwani aliyesimama mbele yake alikuwa na shida. Hakufanya hivyo. Alimpa muda unaojulikana, miaka minane, na akasema kwamba ikiwa Musa atatimiza kumi itakuwa ni hisani yake mwenyewe. Kisha akatamka kwamba hataki kumtia mashakani. Naye Musa akajibu kwamba muda wowote atakaoutimiza kati ya hiyo miwili, asifanyiwe uadui, na Mwenyezi Mungu ni Shahidi wa hayo waliyoyasema.

Ibn Abbas (R.A.), katika riwaya iliyopokewa na Bukhari, alisema kuwa Musa alitimiza muda ulio mrefu zaidi. Muda ulipokwisha aliondoka pamoja na ahali zake, na aya haitaji deni lolote lililobaki shingoni mwake. Waajiri na waajiriwa wote wawili wamewekewa kioo katika kisa hiki. Mwajiri anafundishwa kwamba shida ya mwombaji kazi si fursa ya kumbana. Mwajiriwa anafundishwa kutimiza muda wake, na akiweza azidishe. Na wote wanafundishwa kwamba ajira ina mwanzo na ina mwisho. Anayetaka kumtawala mtu baada ya mwisho huo anadai kitu ambacho hakukilipia.

Daftari ni la nani?

Hapa ndipo maneno yetu yanapomgeukia kijana. Kesho anatoka, na usiku wa leo anabaki dukani peke yake, anafungua daftari la vipimo na kulipiga picha kwa simu ukurasa baada ya ukurasa. Ukimuuliza atasema hajachukua kitu, kwani daftari liko pale pale mezani. Ndugu yangu, umechukua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wewe umeichukua mali hiyo kwa njia ya daftari lake. Miaka yote tajiri alilipa kodi ya fremu, umeme, mishahara na hasara za nguo zilizoharibika, na kutokana na gharama hizo lilipatikana daftari lile. Uliwekewa mkononi ili uifanyie kazi yake, hukupewa liwe lako.

Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Suratun Nisaa, aya ya 58, tuzirejeshe amana kwa wenyewe, na katika Suratul Anfal, aya ya 27, ametukataza kuzifanyia hiana amana hali ya kuwa tunajua. Mtume (S.A.W.) ameitaja hiana kuwa ni mojawapo ya alama tatu za mnafiki, pamoja na kusema uongo na kuvunja ahadi. Tena amana hii ina wenyewe wawili. Mzee aliyetoa namba yake ya simu na vipimo vya mwili wake alivitoa kwa duka lile na kwa kazi ile, hakuvitoa vizungushwe mjini. Hata sheria za nchi sasa zinalitambua hilo, kwa mfano Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hapa Tanzania na ile ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huko Kenya.

Lipo na baya zaidi ya picha za daftari. Kijana bado yumo kazini, analipwa mshahara, na huku anamnong'oneza mteja: "Usiache kitambaa chako hapa, nisubiri mwezi ujao nitakushonea kwa bei nafuu." Wanazuoni wa fiqhi humwita mfanyakazi wa namna hii ajiri khasi, yaani aliyeajiriwa na mtu mmoja kwa muda maalumu. Saa zake za kazi zimekwisha kununuliwa. Anayezitumia kumhamishia mteja kwake anauza kitu ambacho tayari ameshakiuza. Mshahara wa siku hiyo aufikirie vizuri kabla ya kuwapelekea watoto.

Wapo watakaosema, "Lakini tajiri yule alinidhulumu, hakunilipa muda wa ziada, na alinitukana mbele ya watu." Huenda ni kweli, na madai hayo yana njia zake. Lakini tukumbuke usiku wa Hijra. Makuraishi walikuwa wamekula njama ya kumuua Mtume (S.A.W.), na nyumbani kwake zilikuwamo amana za watu wa Makka. Alimwacha nyuma Ali bin Abi Talib (R.A.) azirejeshe kwa wenyewe, kila mmoja chake. Akatufundisha pia kwamba tumrejeshee amana aliyetuamini, wala tusimfanyie hiana hata yule aliyetufanyia hiana. Ikiwa amana ya mtu anayekutafuta akuue hurudishwa, vipi daftari la mtu aliyekucheleweshea mshahara?

Jina la duka

Jambo la tatu ni jina. Kijana hana haki ya kufungua duka lenye jina linalofanana na la tajiri wake ili wateja wadhani ni tawi lake, wala kuwaambia watu kwamba duka la zamani limehamia kwake. Hiyo ni ghushi, na Mtume (S.A.W.) amesema kuwa mwenye kughushi si miongoni mwetu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilipokutana Kuwait mwezi Desemba 1988 liliamua kwamba jina la biashara, alama ya biashara, haki za uandishi na za uvumbuzi ni haki zenye thamani ya mali kwa wenyewe, zinalindwa kisheria, na haifai kuzichezea. Kwa hiyo mwenye duka anayelinda jina lake yumo ndani ya haki yake.

Mteja ni wa nani?

Sasa tufike kwa mteja. Huyu ni mja huru wa Mwenyezi Mungu. Ana kitambaa chake na fedha zake, naye hutazama ni nani atakayemshonea vizuri. Hakununuliwa na tajiri siku alipoingia dukani mara ya kwanza, na wala kijana hakumrithi alipomshonea mara ya pili. Qur'ani imetuambia katika Suratun Nisaa, aya ya 29, kwamba mali halali baina yetu ni ile itokanayo na biashara ya kuridhiana. Mteja akiridhika hubaki, asiporidhika huenda, na hakuna kati ya wale wawili mwenye hati ya moyo wake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipofika Madina mikono mitupu, Saad bin Rabii (R.A.) alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka katika mali na watu wake, kisha akaomba jambo moja tu, aonyeshwe soko lilipo. Akaenda katika soko la Banu Qainuqa, akarudi na faida ya jibini kavu na samli. Soko lile lilikuwa na wenyeji wenye wateja wao wa miaka mingi. Mgeni aliingia, akauza, na hakuna aliyemkemea kwa kuuza. Watu walipomwomba Mtume (S.A.W.) awapangie bei, alikataa, akasema kwamba Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kubana na kukunjua riziki, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake bila ya mtu yeyote kumdai dhuluma ya damu wala ya mali.

Hata hivyo, soko huru lina adabu zake. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kuuza juu ya mauzo ya ndugu yake. Wanazuoni wamefafanua kwamba katazo hili linamhusu anayeingilia mapatano yaliyokwisha kufikiwa. Mteja ambaye ameshaacha kitambaa na kutoa malipo ya awali kwa tajiri, kumshawishi akavunje mapatano hayo ni haramu, hata kama aliyemshawishi ameshatoka kazini. Lakini mteja yule yule, Idi ikipita na kazi yake ikakamilika, akija mwenyewe kwa kijana mwezi wa pili, kijana hakutenda kosa kumpokea, maadamu hakuwa ameahidi vinginevyo.

Na ikiwa aliahidi?

Hapa ndipo palipo na uzito. Mwenyezi Mungu ameamuru mwanzoni mwa Suratul Maida kwamba walioamini watimize mikataba yao. Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, amesema kuwa Waislamu wanafungwa na masharti waliyowekeana, kisha akatoa hali moja: isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Na katika kisa cha Barira (R.A.) alisimama juu ya mimbari akatangaza kwamba sharti lisilokubaliana na Kitabu cha Mwenyezi Mungu ni batili, hata yakiwa masharti mia moja.

Wanazuoni wametofautiana juu ya upana wa mlango huu. Wapo waliosema, kama Ibn Taymiyya aliyefariki mwaka 1328, kwamba asili ya masharti ni kuruhusiwa mpaka ipatikane dalili ya kuyakataza. Wengine, wakiwamo wanazuoni wa Kishafii ambao madhehebu yao ndiyo yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, wamebana zaidi. Lakini wote husoma hadithi moja inayosema kusiwe na kudhuru wala kudhuriana, na kwa mizani hiyo tunaweza kuvipima vifungu vya mikataba yetu.

Kifungu kinachosema, "Hutachukua orodha ya wateja wala kutoa siri za biashara," ni sahihi, na kinamfunga mfanyakazi hata kisipoandikwa, kwa kuwa ni amana. Kifungu kinachosema, "Kwa miezi sita hutawafuata wateja wetu kuwaita waje kwako," ni cha wastani. Kijana bado anaweza kushona, kuajiriwa na kutafuta wateja wapya, na tajiri anapata muda wa kumzoeza fundi mwingine. Mwenye kukubali hili kwa hiari yake na alitimize. Ama kifungu kinachosema, "Hutafanya ushonaji popote Dar es Salaam kwa miaka miwili," hicho kinamharamishia mtu halali aliyoijua tangu ujana wake, na kinawanyima chakula watoto ambao hawakutia saini. Kwa rai yetu hilo ndilo sharti lililotajwa katika ule ubaguzi wa hadithi.

Sheria za nchi zinaelekea njia hiyo hiyo. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kinasema kuwa makubaliano ya kumzuia mtu kufanya kazi, ufundi au biashara halali ni batili kwa kadiri ya kizuizi hicho, isipokuwa pale mtu anapouza biashara pamoja na jina lake jema kisha akaahidi kutoshindana na mnunuzi ndani ya mipaka ya haki. Kifungu hicho kina asili yake katika Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Kenya ina sheria mahususi, Sura ya 24, inayoiruhusu mahakama kupima kama sharti ni la haki kwa kutazama aina ya kazi, muda na eneo. Na huko Uingereza mwaka 1414 ililetwa kesi ya mtia rangi nguo aliyefungwa kwa hati asifanye ufundi wake mjini kwa nusu mwaka. Jaji alighadhibika, akasema lau mdai angekuwapo mbele yake angemtia gerezani mpaka amlipe Mfalme faini. Miaka zaidi ya 600 iliyopita watu wasiokuwa wa dini yetu walikwisha kuona kwamba kumfunga fundi mikono ni dhuluma.

Lakini hapa tunawaonya vijana wetu. Wapo waliokwisha kusikia juu ya kifungu cha 27 na kukifanya ngao, wakasema, "Mkataba wangu ni batili, basi sidaiwi chochote." Mahakama ni mizani ya dunia. Ummu Salama (R.A.) amepokea kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba watu humletea mashitaka yao, na huenda mmoja akawa hodari zaidi wa kutoa hoja kuliko mwenzake, lakini yeyote atakayehukumiwa apewe haki ya ndugu yake asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha Moto. Ikiwa hukumu iliyotoka kwa Mtume mwenyewe haihalalishi haki ya mtu, basi ushindi wa wakili mjini hauwezi kuihalalisha. Ulimwambia ndugu yako, ukiwa na akili timamu na bila ya kulazimishwa, kwamba hutawafuata wateja wake kwa miezi sita. Neno hilo limeandikwa mahali ambapo mawakili hawafiki. Ahadi ni deni.

Na waajiri nao tunawaonya. Wapo wanaojua wazi kuwa kifungu chao hakina nguvu mahakamani, lakini wanakiweka ili kumtisha kijana asiye na fedha za wakili. Wapo wanaomzuilia cheti cha utumishi anapotoka, ilhali Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawaamuru kukitoa. Wapo wanaopiga simu kwa waajiri wengine kumchafulia jina. Hao wamkumbuke Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh bin Jabal (R.A.) kwenda Yemen akamtahadharisha na dua ya aliyedhulumiwa, kwa kuwa hakuna pazia baina yake na Mwenyezi Mungu. Dua la kuku huenda lisimpate mwewe, lakini dua ya aliyedhulumiwa hufika.

Tufanye nini?

Kwanza, tuandike mambo yetu mapema na kwa lugha inayoeleweka. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandika na kushuhudisha madeni. Mola aliyeutenga urefu huo kwa ajili ya karatasi na mashahidi hapendi tuishi kwa kudhaniana. Mwajiri amsomee kijana kila kifungu kabla ya saini, amweleze kwa Kiswahili, na ampe siku ya kufikiri na kushauriana na wazee wake.

Pili, mwajiri anayetaka kuweka kizuizi akiwekee mipaka ambayo yeye mwenyewe angeikubali lau ndiye angekuwa mwajiriwa. Amtaje mteja au kazi inayohusika, afupishe muda, apunguze eneo, na kama kizuizi kitampunguzia mwenzake kipato basi amlipe kwa muda huo. Anayetaka mwenzake akae mikono mitupu kwa manufaa yake hana budi kuugharamia ukaaji huo. Na kinga iliyo bora kuliko kifungu chochote ni kumlipa mfanyakazi vizuri na kwa wakati, kabla jasho lake halijakauka, au kumpa fundi hodari sehemu ya faida ili duka liwe lake pia. Watu wetu wanaijua biashara ya ubia tangu zamani, na fiqhi yetu ina milango ya mudharaba na musharaka kwa ajili hiyo.

Tatu, mfanyakazi anayetoka atoke kupitia mlango wa mbele. Atoe taarifa kwa muda uliokubaliwa, amalize kazi alizozishika, arudishe funguo na daftari, afute katika simu yake namba zisizo zake, na amwambie tajiri wake uso kwa uso kwamba anakwenda kufungua duka. Ikiwa anaona kwamba kifungu fulani kinamdhulumu, aseme waziwazi mapema, asikivunje kwa siri. Wala asimseme vibaya aliyemfundisha kushika mkasi, maana usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Huenda siku ya siku yeye mwenyewe akawa tajiri, na kijana wa watu akawa amesimama mbele ya daftari lake.

Nne, mteja naye asijifanye hayumo. Asimchochee fundi atoke kwa tamaa ya bei nafuu, wala asibebe maneno kutoka duka hili kwenda lile. Akihama, amlipe tajiri wa zamani salio lake kwanza.

Tano, maimamu na wazee wa misikiti wasiuache ugomvi huu ukue mpaka ufike polisi. Katika Suratul Hujurat, aya ya 10, tumeambiwa kwamba waumini ni ndugu, na tumeamriwa tusuluhishe baina yao. Yawezekana kabisa wawili hawa wakaketi na mzee mmoja baada ya sala ya Isha, daftari likawekwa katikati, na ikajulikana kipi ni cha nani: jina na daftari kwa tajiri, ufundi kwa kijana, ahadi ya haki itimizwe, sharti la dhuluma lifutwe, na mteja aachiwe njia yake.

Ndugu zangu, tunasimama safu moja, bega kwa bega, na kumwomba Mola mmoja riziki. Itakuwa ajabu tukishatoa salamu tukagombania riziki hiyo kana kwamba ghala lake lina uhaba. Aliyeandikiwa kanzu kumi za Idi hii atazishona, awe amefungua duka jana au miaka 20 iliyopita. Kilichobaki mikononi mwetu ni namna ya kuipata: kwa uaminifu, au kwa hiana ambayo tutaulizwa siku isiyokuwa na mteja wala tajiri.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aturuzuku riziki ya halali iliyo pana, atuepushe na hiana na dhuluma, aziunganishe nyoyo za waajiri na waajiriwa waliokhasimiana, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotimiza ahadi zao. Amin. Wabillahi taufiq.